Wiski ya “Kimea Kimoja”

Mfasiri anayeandika “wiski ya kimea kimoja” hutafsiri maneno akaiacha dhana. Umoja unaokusudiwa ni wa kiwanda. Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zataka wiski hiyo ya Uskoti ikenekwe katika kiwanda kimoja tu, kwa kimea cha shayiri pasipo nafaka nyingine, kisha ikae katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Neno kimea tunalo tangu zamani. Wapika pombe ya mtama walijua kabla ya chupa hizo kufika. Napendekeza “wiski ya kimea ya kiwanda kimoja”. Ni ndefu kwa lebo, nakiri, lakini mnunuzi atajua anacholipia.

Ugumu umo katika sifa yake. Wanywaji wa Kinondoni na Temeke huiita “laini”, nami sikubaliani nao. Laini huleta picha ya unga uliosagwa vyema, au ya kileo kilichozimuliwa, hali wiski hii haiuzwi ikiwa chini ya asilimia 40 ya alkoholi. “Nyororo” yafaa zaidi: husifu mwendo wa kinywaji kooni, si udhaifu wake. (Gongo haikihitaji kivumishi hiki.)