Saa Kumi na Moja Jioni: Ratiba ya Aliyeacha Pombe Lokichoggio

Miezi ya kwanza ya kuacha pombe husimama au huanguka kwa jinsi siku ilivyopangwa, na sehemu ya siku inayowaangusha wengi ni jioni, kuanzia kutoka kazini hadi kulala. Nchini Kenya sheria yenyewe imeongeza ugumu huo bila kukusudia. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inaruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Saa kumi na moja ndiyo saa ambayo ofisi nyingi hufungwa. Karani anayefunga faili na mhudumu anayefungua baa hushika funguo kwa wakati mmoja. Kwa mama pima, muuzaji wa pombe za kienyeji, chang'aa na busaa havingoji hata saa hiyo.

Kabla ya ratiba kuna mwili. Kwa mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu, mikono huanza kutetemeka na jasho kumtoka kati ya saa 6 na 24 baada ya tone la mwisho. Degedege huweza kutokea ndani ya siku mbili za kwanza, na kuchanganyikiwa kukali kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo huua. Anayejua amewahi kupata degedege hapaswi kuachia pombe nyumbani peke yake. Mahali pake ni hospitali, Lopiding mjini Lokichoggio, kaunti ya Turkana, au ile ya rufaa Lodwar, apewe dawa ya kutuliza na vitamini B1. Siku hizo si za kazi. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Wengi hawazitumii kwa aibu, kisha hufukuzwa kwa utoro.

Baada ya hapo ndipo swali la kazi linapokuja, na jibu lake limejaribiwa. Mwaka 1973 George Hunt na Nathan Azrin walichapisha jaribio walilofanya katika hospitali ya Anna, jimbo la Illinois, Marekani. Walevi walikuwa 16 tu, nusu yao wakipata huduma ya kawaida ya hospitali, nusu wakiongezewa mpango mpya. Mpango huo haukuwa mahubiri juu ya ubaya wa pombe. Ulimsaidia mtu kutafuta kazi, ukapatanisha mke na mume, kisha ukashughulikia jambo ambalo madaktari wengi hulipuuza: Jumamosi usiku. Baa moja ya zamani iligeuzwa kuwa klabu isiyo na kileo, yenye muziki na karata, ili mtu aliyezoea kukaa na wenzake asilazimike kuchagua kati ya ulevi na upweke. Katika ufuatiliaji, waliopata mpango huo walitumia asilimia 14 ya muda wao wakinywa. Wenzao asilimia 79. Muda wa kukosa kazi ulikuwa asilimia 5 kwa 62. Kundi ni dogo, na takwimu hizo zisibebeshwe mzigo kupita uwezo wake, lakini mpangilio wa hatua unafundisha: kazi haikuachwa isimame yenyewe, ilitiliwa nguzo za nyumbani na za burudani.

Karibu zaidi na Turkana ni Eldoret. Huko, chini ya mpango wa afya wa AMPATH, Rebecca Papas na wenzake waliandaa vikao vya vikundi kwa Kiswahili kwa wagonjwa wa kliniki ya VVU waliokunywa kupita kiasi. Wiki sita, kikao kimoja kila wiki, dakika 90, wanaume mbali na wanawake mbali. Walioendesha vikao hawakuwa wanasaikolojia bali watu waliofunzwa kazi hiyo, jambo lenye uzito katika kaunti yenye wataalamu wachache. Matokeo ya 2011 kwa watu 75 yalionyesha kuwa siku 90 baada ya vikao, asilimia 69 ya walioshiriki walisema hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Kiini cha njia hii ni kumfanya mtu ajue ni saa ipi, mahali gani na pamoja na nani hamu humjia, kisha apange mapema atakachofanya saa hiyo ikifika.

Lokichoggio ina saa zake. Mji huu ulikua na operesheni ya misaada ya Sudan iliyoanza 1989. Ndege, maghala na kambi za mashirika vilileta ajira ambazo nyingi zilihamia Juba baada ya mkataba wa amani wa 2005. Waliobaki hufanya kazi za aina mbili zinazodai ratiba tofauti. Mwajiriwa wa shirika ana mwanzo na mwisho wa siku, mshahara wa mwezi, na mara nyingi chumba ndani ya ua mbali na familia. Siku yake ina umbo hadi jioni, kisha inamwagika. Kibarua wa kupakia lori au mwendesha bodaboda hana umbo hilo: siku moja safari kumi, siku nyingine kivuli cha mti hadi jua kuzama, na malipo huingia mkononi jioni, saa mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo ratiba ya kibarua huanzia kwenye pesa. Pesa za siku zitumwe kwa simu ya mke au mama kabla hajaondoka mahali pa kazi, au zifungiwe katika akaunti ya akiba ya muda maalumu, kama ile ya M-Shwari kwenye simu. Mwenye mshahara afanye hivyohivyo siku ya malipo, na siku hiyo asitoke peke yake. Dharau inayoweza kutokea barazani, kwamba mwanamume kamili hawezi kukabidhi mshahara wake, ni gharama ndogo.

Kwa mwajiriwa, kishawishi kikubwa ni kujizika kazini. Kuongeza saa huonekana kama uponyaji na mabosi humsifia. Ila usingizi huwa bado umevurugika kwa wiki kadhaa au miezi, na uchovu ukichanganyika na njaa na hasira, hamu hurudi kwa nguvu. Zamu za usiku na safari ndefu za barabarani ziahirishwe, na kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira kinampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Katika joto linalopita nyuzi 35, kazi nzito ifanywe asubuhi, na maji yanywewe kwa saa badala ya kungoja kiu, kwa sababu mwili uliozoea bia huweza kuchanganya kiu ya maji na ile nyingine.

Jioni ndiyo ipangwe kwa undani kuliko kazi yenyewe. Kutoka saa kumi na moja hadi saa nne usiku ni saa tano. Chakula kiliwe mara tu baada ya kutoka. Kisha shughuli yenye watu wanaomngojea, kwa maana zoezi la peke yake huahirishwa kirahisi: mpira, kwaya, msikiti, darasa la watu wazima, kikao cha walioacha pombe panapokuwa na wawili au watatu. Njia ya kurudi nyumbani isipite kwenye baa ya zamani hata kama ndiyo fupi. Jumamosi na Jumapili zihesabiwe kuanzia saa nane mchana. Likizo ya kwenda Kitale au Nairobi ipangwe kama siku za kazi, pamoja na jina la mtu atakayempokea stendi.

Akirudia kunywa, tofauti kubwa huletwa na kinachofanyika asubuhi inayofuata. Kuzimua humrudisha mwanzo. Kwenda kazini akiwa amelewa humwingiza katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira, kinachomruhusu mwajiri kumwachisha kazi papo hapo ikiwa ulevi umemfanya ashindwe kuifanya. Aliyeomba siku ya ugonjwa akaenda kliniki bado ana kazi, na ratiba yake huanza tena jioni hiyohiyo.