Kupanda na Kushuka Kasba: Sinema Kama Ramani ya Mji wa Algiers

Katika miji mingi ya kale kumezuka desturi ya mgeni kujitembeza mwenyewe, bila kiongozi, akiandama mahali palipopigiwa picha za sinema mashuhuri. Mjini Vienna, kwa mfano, wapo wanaoutafuta mlango wa Schreyvogelgasse kwa sababu tu kivuli cha Orson Welles kilisimama hapo katika The Third Man, sinema ya Carol Reed ya mwaka 1949. Mgeni hushika orodha mkononi, hufika, hulinganisha alichokiona kitandazoni na kilicho mbele yake, kisha huenda zake. Wataalamu wa fasihi wameuachia utalii jambo hili. Makala haya yanashikilia kwamba matembezi ya namna hiyo ni aina ya usomaji, na kwa kuwa ni usomaji, yanaweza kuhakikiwa kama usomaji mwingine wowote: yapo yanayoifunua kazi, na yapo yanayoipotosha.

Tutauchukua mji wa Algiers kuwa mfano wetu, na hasa sinema ya Gillo Pontecorvo, La battaglia di Algeri, yaani Vita vya Algiers, iliyotolewa mwaka 1966 na kupata tuzo kuu ya tamasha la Venice mwaka huo huo. Hoja yetu ni moja. Katika mji uliojengwa mtelemkoni, swali la kwanza la mhakiki halihusu mahali gani pa kutembelewa. Linahusu mtembezi aanzie wapi: chini apande, au juu ashuke.

Kwanza hatuna budi kuutazama mji wenyewe. Kasba ya Algiers imekaa juu ya kilima kinachoitazama bahari. Jina hilo lilikuwa la ngome iliyo kileleni, kisha likaenea likawa jina la mji wa kale wote ulio chini yake. (Umbo lilo hilo la Kiarabu, qasaba, ndilo lililotupa sisi neno kasiba, mtutu wa bunduki.) Wafaransa walipouteka mji mwaka 1830, walibomoa sehemu ya chini ya mji huo wa kale ili kupata uwanja na barabara pana, na mji wao wakauendeleza kandokando ya ghuba. Tangu hapo, kutoka Kasba kulimaanisha kushuka, na kushuka kulimaanisha kuingia katika mji wa mwingine. Mpaka kati ya mtawala na mtawaliwa ulikuwa ngazi.

Sinema ilianza mapema kuutumia mpaka huo. Katika Pépé le Moko ya Julien Duvivier (1937), jambazi wa Kifaransa, aliyeigizwa na Jean Gabin, anajificha Kasba mahali ambapo polisi hawawezi kumkamata. Siku anaposhuka kwenda bandarini kumfuata mwanamke anayempenda, ndiyo siku ya mwisho wake. Vichochoro, wenyeji na lugha zao ni pazia tu la nyuma ya msiba wa Mfaransa mmoja. Tena Kasba hiyo kwa sehemu kubwa ilijengwa katika studio za Joinville, karibu na Paris. Mtembezi atakayekwenda Algiers kuitafuta hataipata. Kutopatikana huko kunatufundisha kwamba mji huo wa kutisha, usiojulikana mwanzo wala mwisho, ulikuwa kazi ya maseremala wa Ufaransa.

Pontecorvo alitenda kinyume. Alipiga picha zake mwaka 1965, miaka mitatu baada ya uhuru, mahali penyewe, akitumia wakazi wa mji kuwa waigizaji. Miongoni mwa wahusika wake wakuu, Jean Martin, aliyemwigiza Kanali Mathieu, ndiye aliyekuwa mwigizaji wa kazi. Yacef Saadi, aliyeiongoza mitandao ya chama cha FLN mjini humo, alishiriki katika kuitoa sinema hiyo na akaigiza mhusika anayefanana naye mwenyewe. Picha zimepewa sura ya picha za habari, ingawa hakuna hata kipande kimoja cha picha za habari kilichotumika.

Fani ya sinema hii imeshikwa na mwendo wa kupanda na kushuka. Inafunguliwa kwa kupanda: mtu aliyeteswa anavishwa sare ya askari wa Kifaransa, anapelekwa Kasba akaonyeshe maficho ya Ali la Pointe. Askari wa miavuli wanapanda tena na tena. Wanapanda kufanya msako. Wanapanda kuuvunja mgomo wa siku nane ulioanza tarehe 28 Januari 1957, wakifungua milango kwa nguvu na kuwatoa watu. Mwendo wa Waaljeria unakwenda upande wa pili. Katika sehemu iliyo maarufu kuliko zote, wanawake watatu wanavua haik, lile vazi jeupe ambalo msomaji wa pwani yetu atalifananisha na buibui kwa matumizi ijapokuwa si kwa rangi. Wanakata nywele na kuzitia rangi, wanavaa nguo za Kizungu, kisha wanashuka na vikapu vyao mbele ya macho ya askari wa vizuizi.

Sasa tumfikirie mtembezi wetu. Hoteli na bandari ziko chini, basi ni rahisi aanze chini na kupanda Kasba, orodha mkononi, akitafuta mlango huu na pembe ile. Bila kukusudia, anairudia njia ya askari wa miavuli: anaingia katika mtaa wa watu kutafuta nyumba aliyokwisha kuelekezwa. Hatusemi kwamba mtalii ni askari. Tunasema kwamba mpangilio huo unamfanya auone mji kama alivyouona Mathieu, yaani kama fumbo linalongoja kufumbuliwa na mtu wa nje. Usomaji wa namna hiyo haukukomea kwa watalii. Mwaka 2003, Marekani ilipokuwa imeikalia Iraki, Pentagon iliwaonyesha maofisa wake sinema hii. Sinema ni ile ile. Waliokuwa wakiitazama walisimama chini ya ngazi.

Tunapendekeza njia iliyo kinyume. Mtembezi aanzie juu, penye gereza la Barberousse, ambalo baadaye liliitwa Serkadji. Hapo ndipo Ahmed Zabana alipouawa kwa gilotini tarehe 19 Juni 1956, na ni kifo cha namna hiyo kinachomgeuza Ali katika sinema. Kisha ashuke hadi rue des Abderames, ambapo tarehe 8 Oktoba 1957 nyumba ililipuliwa na kuwaua Ali la Pointe, Hassiba Ben Bouali, kijana aliyejulikana kwa jina la Petit Omar, na mwenzao Mahmoud Bouhamidi, pamoja na majirani. Baadaye afike uwanja wa Martyrs, palipobomolewa na Wafaransa, na kutoka hapo aingie mji wa chini.

Huko chini mtaalamu wa lugha atapata kazi yake. Wanawake wa sinema walikwenda rue d'Isly na uwanja wa Isly. Jina hilo lilikumbusha ushindi wa Jemadari Bugeaud huko Isly mwaka 1844, na sanamu yake ilisimama uwanjani. Leo uwanja huo ni wa Emir Abdelkader, aliyepigana na Bugeaud, na sanamu iliyopo ni ya Abdelkader. Barabara yenyewe inaitwa Larbi Ben M'hidi, kiongozi aliyekufa mikononi mwa Wafaransa mwezi Machi 1957, naye ni mhusika katika sinema. Kwa hiyo mtembezi anayefuata sinema ya mambo ya mwaka 1956 anasoma vibao vilivyoandikwa na matokeo ya hadithi hiyo. Mhusika amekuwa barabara. Hili halionekani katika picha yoyote ya Pontecorvo, na mtu hawezi kulijua ila kwa kufika.

Hata hivyo, njia tuliyoipendekeza isichukuliwe kuwa ithibati ya kila kilichomo katika sinema. Thamani yake kubwa ni pale mji na sinema vinapokosana. Katika sinema mabomu yote matatu ya wanawake yanalipuka. Tarehe 30 Septemba 1956 yalilipuka mawili, lile la Milk Bar na lile la Cafétéria ya rue Michelet, ambayo leo ni barabara ya Didouche Mourad. La tatu, lililowekwa katika ofisi ya Air France kwenye jengo la Maurétania, halikulipuka. Msanii alitaka utatu uliokamilika. Mtembezi anayesimama mbele ya jengo hilo anajifunza jinsi fani inavyoidai historia zaidi ya ilivyotoa. Vilevile, maandamano makubwa ya Desemba 1960 yanayoifunga sinema yaliwaka kwanza mtaa wa Belcourt, mbali na Kasba. Anayeishia Kasba ameuacha mtaa uliotoa mwisho wa hadithi.

Lipo na pengo zito zaidi. Njia hii ni njia ya Yacef Saadi, na wanawake wanaoitembea wanasema machache mno. Zohra Drif, aliyeliweka bomu la Milk Bar, alitoa kumbukumbu zake mwaka 2013, na kumsoma kunarudisha maneno katika safari ambayo sinema iliipa muziki. Wala tusiwasahau waliokuwa wamekaa ndani ya Milk Bar. Kamera yenyewe haikuwasahau: kabla ya mlipuko inapita juu ya nyuso zao moja moja, na mtoto anakula askrimu.

Huenda msomaji akasema kwamba mwelekeo wa miguu ni jambo dogo, na kwamba mwenye akili atauelewa mji hata akitokea upande gani. Tungekubali kama Kasba ingekuwa jumba la makumbusho. Lakini Kasba ni makazi ya watu. Iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1992, na bado nyumba zake zinachakaa. Aprili 2019 mojawapo iliporomoka na kuua watu. Anayepanda akitafuta mlango wa mwaka 1957 huenda asiuone ukuta wa leo uliotegemezwa kwa magogo. Anayeshuka huanza na nyumba za watu na kumaliza na barabara, na sinema kwake huwa ushahidi mmojawapo wa maisha ya mahali hapo. Wasomaji wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja, ambao vichochoro vyao navyo hupigwa picha na wageni, hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Kwa kumalizia, tulikumbuke jambo moja ambalo orodha yoyote ya mahali haiwezi kulionyesha. Mwishoni mwa sinema, kinachoshuka kutoka mitaani ni sauti: zagharid za wanawake, ambazo Kiswahili huziita vigelegele. Sisi tumezizoea arusini, kwenye uzazi na kwenye sherehe. Hapo zinawatangulia waandamanaji, na Wafaransa wanazisikia usiku pasipo kujua zinatoka nyumba ipi. Sauti hiyo haina anwani. Matembezi yanayoanzia juu humweka mtembezi upande inakotokea.