Dalí, Mkwawa na Msomaji Asiyesamehe

Mwezi Julai 1936 mchoraji wa Kihispania Salvador Dalí alisimama mbele ya hadhira jijini London akiwa ndani ya vazi zima la mpiga mbizi, kofia lake zito likiwa limefungwa shingoni. Alikuwa amekuja kuhutubia. Hewa ikamwishia. Akaanza kutapatapa, watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya onyesho, na nusura akate roho kabla rafiki zake hawajamtoa humo. Hilo lilitokea kweli. Katika riwaya ya Michael Chabon, The Amazing Adventures of Kavalier & Clay, kisa kimehamia New York, kwenye karamu ya nyumbani kwa mtu, na anayemwokoa Dalí ni Joe Kavalier, kijana wa Kiyahudi aliyekimbia Prague, mtu ambaye hajapata kuishi popote nje ya kurasa za kitabu hicho.

Hapo ndipo ufundi wote wa Chabon unapoonekana. Kwanza amechukua tukio la kweli ambalo lenyewe linafanana na uongo. Pili, amelihamisha mahali na wakati. Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, amelikabidhi kwa mhusika aliyekwisha kuandaliwa: Joe alisomea Prague sanaa ya kujifungua pingu na kufuli, kwa hiyo mikono yake inajua la kufanya pale wengine wanapoduwaa. Msomaji hapati nafasi ya kuuliza kama ni kweli. Anafurahi tu kwamba ujuzi ule wa kurasa za mwanzo umepata kazi.

Riwaya hiyo ilitoka mwaka 2000 na kunyakua tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Inasimulia habari za Joe na binamu yake Sam Clay, mtoto wa Brooklyn, wanaobuni shujaa wa katuni aitwaye The Escapist, bingwa wa kujinasua na kuwanasua wengine. Anayejua historia ya vitabu vya katuni vya Marekani ataona mara moja kivuli cha Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland waliouza haki zote za Superman kwa dola 130 mwaka 1938, wakaishi miaka mingi kwa dhiki huku shujaa wao akiwatajirisha wengine. Ni mwaka 1975 tu ndipo kampuni iliyomiliki shujaa huyo ilipokubali kuwalipa posho ya kila mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye kazi yao. Chabon angeweza kuwatumia Siegel na Shuster wenyewe. Hakufanya hivyo. Aliwaacha wapite pembeni, akaumba wawili wengine wenye jeraha lilelile, na kwa hila hiyo akapata uhuru wa kuwapa mapenzi, aibu na siri bila kumsingizia marehemu yeyote.

Uhuru huo hata hivyo una gharama, na wasomaji wameitaja. Jalada la toleo la kwanza la Captain America, lililochorwa na Jack Kirby akishirikiana na Joe Simon, lilimwonyesha shujaa akimtandika Hitler ngumi ya taya. Liliingia sokoni Desemba 1940, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani. Katika riwaya, ngumi hiyo inatoka kwa The Escapist, tena mapema zaidi. Kwa mpenzi wa katuni, huko ni kumpora Kirby. Chabon mwenyewe aliliona deni hilo: katika maelezo yake ya mwandishi anamshukuru Kirby kwa jina. Halafu kuna zile tanbihi chini ya kurasa, zilizoandikwa kwa sauti ya msomi mkavu, zikieleza bei za mnada na hatima za majarida ambayo hayakuwahi kuchapwa. Wapo wanaozifurahia kama mzaha. Wapo wanaolalamika kwamba hawajui tena la kuamini ni lipi, na malalamiko mengine ni ya unene wa kitabu, msamiati mzito, na sehemu ile inayomtupa Joe katika barafu ya Antaktika huku New York ikisahaulika. Lawama hii ya mwisho ni ya haki. Sehemu hiyo inasomeka kama riwaya nyingine iliyopotea njia ikaingia humo.

Sasa ipeleke mbinu hiyo Iringa.

Msomaji wa Iringa hahitaji tanbihi. Kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, pale Lugalo, pana mnara wa Wajerumani walioangamia na kamanda wao Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891 mikononi mwa wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kilomita kama 15 kutoka mjini ipo Kalenga, ngome yake iliyovunjwa kwa mizinga mwishoni mwa Oktoba 1894. Mlambalasi ndiko Mkwawa alikojimaliza kwa risasi Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Ukimhamisha Mkwawa hata kwa wiki moja, kama Chabon alivyomhamisha Dalí, yupo mjukuu wa mtu atakayekusahihisha.

Mwandishi M. M. Mulokozi aliliingia suala hili kwa njia mbili. Tamthilia yake ya mwaka 1979, Mukwava wa Uhehe, inamweka mtawala mwenyewe jukwaani. Riwaya zake za vijana za miaka ya 1990, yaani Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi, zinashika njia ya pili: vita ni vilevile, ila jicho linalovitazama ni la vijana wa kubuni. Ni hila ileile ya Joe na Sam, na ndiyo iliyo salama zaidi. Kijana asiye na kaburi anaweza kuogopa, kukosea njia, kupenda. Vita vikabaki pale historia ilipoviweka.

Ajabu ni kwamba historia yenyewe imemwachia mwandishi pengo ambalo bado linasubiri kalamu. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Lilirudi baada ya miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, akakuta mafuvu mengi ya jumba la makumbusho, akateua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya jamaa wa ukoo na kwa tundu la risasi, kisha tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Mtu anayepima vichwa kwenye rafu ili achague shujaa wa watu: Chabon angelipia fedha kupata kisa kama hicho.

Ukivuka kuelekea Mbeya, hukumu inabadilika. Wahehe waliwafukuza Wasangu kutoka nchi yao. Wakiwa na mtawala wao Merere, Wasangu wakakimbilia kwa Wasafwa na kujenga ngome Utengule, jirani na mji wa leo wa Mbeya. Wajerumani walipokuja, Merere alisimama upande wao dhidi ya Mkwawa, na Wasangu wakarudi kwao. Katika hadithi inayosimuliwa kutoka Kalenga, huyo ni msaliti. Katika hadithi itakayosimuliwa kutoka Utengule, ni mtu aliyetafuta njia ya kurudi nyumbani. Riwaya ya kumfuata kijana wa Kisangu katika miaka hiyo ingewagawa wasomaji wa mikoa hii miwili kuliko hoja yoyote ya tarehe, na ndiyo maana ingefaa kuandikwa.

Na wachora katuni wetu je? Jarida la Sani, ambalo jina lake limeunganishwa kutokana na majina ya waanzilishi wake Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, liliwapa Watanzania wahusika kama Lodi Lofa, Kipepe, Madenge na Ndumilakuwili, na wasafiri wa mabasi ya Dar es Salaam hadi Mbeya walilisoma wakilipokezana. Mchoraji wake wa awali, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika wakaendelea kwa mikono ya wengine. Hadithi hiyo ina kila kitu alichokuwa nacho Chabon: ujana, mashine za uchapaji, umaarufu wa wahusika unaowafunika wachoraji. Inachokosa ni karatasi. Riwaya ya aina hii hujengwa kwa vitu vya mezani: aina ya wino, ukubwa wa karatasi, bei iliyochapwa jaladani, jina la mchoraji kwenye kona ya picha. Mwenye matoleo ya zamani ya Sani darini au sandukuni, awe Mafinga, Makambako au Mwanjelwa, asiyauze kwa kilo kwa wafungasha karanga. Ayahifadhi, na akiweza ayapeleke maktaba ya mkoa.