Fani na Maudhui ya Picha za Setilaiti: Uhakiki kwa Kurejelea Ubungo

Uhakiki huu unachunguza namna sayansi ya picha za setilaiti inavyoungana na sanaa na mapenzi ya mazingira, kwa kurejelea Ubungo, manispaa iliyomegwa kutoka Kinondoni mwaka 2016. Mjadala unaongozwa na dhana mbili zilizozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili: fani na maudhui. Hoja kuu ni kwamba picha ya anga hupata fani yake kwa umbali, ilhali maudhui yake hukamilika inaporudi kwa wakazi wa mahali ilipopigwa.

Kifani, picha hizi ni zao la uteuzi. Jani lenye afya huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Mtaalamu akiupa mwanga huo rangi nyekundu, kilima chenye miti cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huwa chekundu, na mapaa ya Manzese huwa kijivu. Wekundu huo si uongo. Ni rangi iliyochaguliwa ili kuonyesha uhai wa mimea. Ndiyo maana Shirika la Jiolojia la Marekani liliweza kukusanya picha za Landsat chini ya jina Earth as Art, kigezo cha uteuzi kikiwa uzuri wake.

Hata hivyo, uzuri huo una gharama. Nukta moja ya Landsat za sasa huchukua mita 30 kwa 30. Katika eneo kama hilo la Manzese hukaa nyumba kadhaa, kichochoro, mfereji na pengine mwembe, na vyote hugeuzwa rangi moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowakumba wakazi wa bonde la Msimbazi, baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande, yanadhihirisha uzito wa jambo hili. Picha inayosifu mpindo wa mto bila kumwonyesha anayeishi kando yake ina fani iliyokomaa na maudhui pungufu.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulijaribu kuziba pengo hilo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora mitaa na mifereji, wakisaidiwa na picha za droni. Hapa mkazi ni shahidi wa picha. Lakini ramani hizo, kwa kuwa lengo lake ni kukabili mafuriko, huuona mto zaidi kama hatari kuliko kama kiumbe cha kupendwa. Zimempata mtu, zikapunguza mazingira.

Mizani inayokosekana inaweza kutafutwa katika sanaa ya jiji lenyewe. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, mwaka uleule Landsat ya kwanza iliporushwa. Katika michoro yake juu ya hadibodi, mnyama hujaza uwanja wote. Mapenzi ya mazingira hujengwa kwa ukaribu.

Kwa hiyo, kigezo kinachopendekezwa ni hiki: picha ya setilaiti ihukumiwe kuwa sanaa iliyokamilika pale mkazi wa Ubungo anapoitazama, akavutiwa na rangi zake, kisha akautambua mto wake na mlango wake.