Jinsi Capannori ilivyopunguza taka bila tanuri

Capannori ni halmashauri ya Toscana, Italia, yenye wakazi wapatao 46,000 walioenea katika vijiji vilivyo jirani na mji wa Lucca. Mwaka 2007 ilikuwa ya kwanza Ulaya kupitisha sera ya taka sifuri. Maazimio ya aina hiyo ni mengi duniani na mengi huishia kwenye makabati. Azimio la Capannori lilizaa matokeo yanayopimika: mwaka 2006 kila mkazi aliacha kilo 340 za taka mchanganyiko, zile zisizo na pa kupelekwa ila dampo. Kufikia 2011 zilikuwa zimeshuka hadi kilo 146.

Yote yalianza kwa mgogoro. Katika miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kujenga tanuri la kuchomea taka katika eneo hilo. Rossano Ercolini, mwalimu wa shule ya msingi, aliwaongoza wakazi kuupinga, na mpango ukafa. Wanaharakati wengi wangeishia hapo. Ercolini alijua kwamba aliyekataa tanuri anadaiwa jibu la swali linalofuata: basi taka ziende wapi? Akaishawishi ASCIT, kampuni ya umma inayokusanya taka za eneo hilo, ijaribu njia nyingine. Meya Giorgio Del Ghingaro, aliyeingia madarakani mwaka 2004, akaibeba njia hiyo kisiasa.

Uamuzi wa kuliacha tanuri ulikuwa wa kiuchumi pia. Tanuri ni mtambo wa gharama kubwa, na ili lirudishe fedha zake lazima lipate mzigo wa taka kila siku kwa miaka mingi. Halmashauri iliyofungwa na mkataba wa kulilisha haiwezi kufurahia taka zikipungua, maana kila tani isiyofika ni hasara. Capannori ilijiepusha na kitanzi hicho kabla ya kupanga jambo jingine lolote.

Kazi yenyewe ilianza mwaka 2005. Ukusanyaji wa nyumba kwa nyumba ulipelekwa kwanza katika vijiji vidogo, ambako makosa yangeonekana mapema na kusahihishwa kwa gharama ndogo, kisha ukapanuliwa hatua kwa hatua hadi ukaenea halmashauri nzima mwaka 2010. Kabla ya kuanza, wakazi waliitwa mikutanoni na kusikilizwa. Kisha watu wa kujitolea wakapita mlango kwa mlango wakigawa bure mapipa, mifuko na maelezo ya nini kiingie wapi. Yeyote aliyekuwa na swali aliliuliza mlangoni pake, akajibiwa na mtu aliyesimama mbele yake. Naona hapa ndipo mpango uliposhinda, kwa sababu utaratibu wa kutenganisha taka huvunjika wiki za kwanza, pale mtu anapokosea na hana wa kumwelekeza.

Taka zinazooza zilipewa nafasi yake. Aliyekubali kutengeneza mboji nyumbani alipewa chombo bure na kupunguziwa ada ya taka kwa asilimia 10. Kila ganda la ndizi linalobaki shambani ni uzito ambao lori halibebi, na gharama kubwa ya huduma hii iko kwenye kubeba.

Mwaka 2012 wakazi wa baadhi ya vijiji walianza kulipa kwa kadiri ya wanachotupa. Mfuko wa taka mchanganyiko ulibandikwa kibandiko chenye chipu, gari likausoma, na kaya ikatozwa kwa idadi ya mifuko. Katika vijiji hivyo utenganishaji ulipanda hadi kufikia asilimia 90.

Lakini hatua ninayoiheshimu kuliko zote ni ya 2010, walipofungua kituo cha kuchunguza mabaki. Mifuko ya taka zilizoshindikana ilifunguliwa na kilichomo kikaorodheshwa. Zikaonekana kapsuli za kahawa: plastiki au alumini iliyoshikana na unga wa kahawa, kitu ambacho ni vigumu kwa mkazi kukitenganisha hata akitaka. Hapo lawama ikahama kwa mkazi ikaenda kwa kiwanda, na kituo kikawaandikia watengenezaji kuwataka wabadili muundo. Zikaonekana pia nepi za kutupwa, na halmashauri ikaanza kuchangia gharama za nepi za kufua. Kwa hiyo kilichobaki pipani ndicho kilichowaonyesha wapangaji hatua inayofuata.

Fedha nazo zilikuja. Mwaka 2009 pekee, kwa kutolipia dampo na kwa kuuza mali iliyotenganishwa, waliokoa zaidi ya euro milioni 2. Sehemu ilitumika kupunguza ada za wakazi na sehemu kuajiri wakusanyaji.

Huku kwetu Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya taka za miji ni mabaki ya chakula na mimea, kwa hiyo tunapaswa kuanzia hapo. Kenya tayari ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inayotaka taka zitenganishwe. Sheria hiyo itazaa matunda pale tu lori litakapofuata kanuni ileile. Mama akitenganisha taka zake asubuhi, kisha akaona mapipa yote mawili yakimwagwa pamoja, kesho hatenganishi tena, na ana haki. Dawa yake haihitaji malori mapya: lori hilohilo libebe taka zinazooza siku zake, na kavu siku nyingine, kwa ratiba inayojulikana na kuheshimiwa.

Nawaomba madiwani, kabla ya kupitisha fedha za dampo jipya au mtambo wowote, watenge siku moja ya kumwaga taka za kata moja juu ya turubai, kuzipanga kwa aina na kuzipima kwenye mizani mbele ya wananchi. Bajeti iandikwe baada ya hapo.