Tatizo Sio Moshi: Onyo la Jiko la Mkaa Linavyotupotosha

Kila Juni na Julai, baridi ikikaza huku Ilula, jiko la mkaa linahamia chumbani. Na kila mwaka tunasikia onyo lilelile: jihadharini na moshi wa jiko. Nia ni njema, ila neno "moshi" ndilo linaloharibu.

Mtu akishaambiwa moshi, atafanya nini? Atawasha jiko nje, asubiri mkaa uwe mwekundu na moshi uishe, kisha aliingize ndani na kufunga dirisha. Onyo amelitii kabisa! Kumbe mkaa mwekundu bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, hivyo mwili unakosa oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, nawe unadhani ni uchovu wa shamba la nyanya.

Wengine huweka beseni la maji chumbani. Halisaidii kitu, maana gesi hii huyeyuka kidogo mno kwenye maji. Jiko banifu je? Hata ukiziba nyufa za udongo wake au ukanunua jipya, litakupunguzia gharama ya mkaa, lakini chumbani bado ni hatari.

Basi onyo liandikwe upya: mkaa unaua hata bila moshi. Ota moto nje, ukienda kulala jiko libaki hukohuko. Chumbani ongeza blanketi.