Tarehe, Namba na Jalada: Kazi ya Karani wa Mahakama ya Mwanzo

Mahakama ya Mwanzo, ambayo chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, ndiyo ngazi ya chini kabisa ya mahakama Tanzania Bara na huendesha mashauri yake kwa Kiswahili, hutajwa zaidi kwa hakimu wake kuliko kwa karani, ingawa mwananchi anayefika hapo hukutana na karani kwanza na mara nyingi huagana naye mwisho. Karani hana mamlaka ya kuamua lolote juu ya haki ya mdaawa, yaani mtu mwenye shauri mahakamani. Hata hivyo, lini shauri lilifunguliwa, nani aliitwa, kielelezo kipi kilipokelewa na nyaraka zipi zilitolewa ni mambo yanayojulikana baadaye kwa sababu tu yeye aliyaandika na kuyatunza.

Kazi huanza kwenye kufungua shauri. Kwa kuwa taratibu za mahakama hii huruhusu malalamiko kutolewa kwa mdomo, maelezo ya asiyeweza kuandika huwekwa kwenye karatasi, akasomewa, naye akatia saini au dole gumba, kisha shauri huingizwa kwenye rejista, yaani daftari kuu la mashauri, na kupewa namba, kwa mfano Shauri la Madai Na. 37 la 2019. Namba hiyo hurudiwa kwenye jalada, kwenye wito na kwenye stakabadhi, na hapo ndipo uangalifu unapopimwa: wito ukiandikwa 73 badala ya 37, mdaiwa aliyefika kwa wakati anaweza kukaa kwenye benchi siku nzima bila kusikia shauri lake likiitwa, huku shauri lenyewe likisikilizwa kwa upande mmoja kana kwamba amekaidi kufika.

Tarehe ina uzito mkubwa kuliko namba. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi ulioripotiwa 1992, ilieleza kwamba nyaraka huhesabiwa kuwa zimefunguliwa siku ada ilipolipwa, wala si siku zilipopokelewa masijala, yaani ofisi inayotunza majalada. Athari yake huonekana wazi kwenye rufaa, ambayo kutoka Mahakama ya Mwanzo hufunguliwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Hukumu iliyotolewa tarehe 4 Machi huacha nafasi hadi tarehe 3 Aprili, kwa sababu siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi. Mrufani aliyeleta karatasi zake asubuhi ya tarehe 3 lakini akalipa ada tarehe 4 amechelewa kwa siku moja, na sasa atalazimika kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu za kuridhisha. Karani wa masijala asiyemweleza mtu huyo kwamba muhuri wa kupokelea hautoshi hajavunja kanuni yoyote, lakini amemwacha aingie shimoni huku akimwangalia.

Ndani ya jalada, mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yale yaliyosemwa na kuamriwa siku kwa siku, huandikwa na hakimu. La karani ni kuhakikisha kurasa zinafuatana, zina namba, na hakuna karatasi inayoning'inia bila kufungwa. Vielelezo ndivyo vinavyosumbua zaidi. Panga lililopokelewa mahakamani hubeba kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi kwenye mpini, chenye namba ya shauri, alama ya kielelezo, tarehe na saini, na vivyo hivyo huandikwa kwenye rejista ya vielelezo. Uzi huo ukikatika ndani ya stoo yenye mapanga matatu yanayofanana, hakuna kumbukumbu ya kichwani itakayoweza kueleza kwa uhakika lipi ni la nani.

Mirathi ni eneo linalostahili kutazamwa kwa ukaribu zaidi, kwa sababu ndiko majalada hufunguliwa na kusahauliwa. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, zilizotangazwa 1971, huweka fomu zenye namba: maombi huletwa kwa Fomu Na. 1, msimamizi akiteuliwa hupewa barua ya usimamizi katika Fomu Na. 4, na ndani ya miezi minne anatakiwa kurejesha Fomu Na. 5, inayoorodhesha mali na madeni yote ya marehemu, kisha Fomu Na. 6, inayotoa hesabu ya mgawanyo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba msimamizi huchukua Fomu Na. 4, akafungua milango ya benki kwa barua hiyo, na hasikiki tena, huku wajane na watoto wakidhani kwamba mahakama imekwisha kumaliza. Kanuni imempa hakimu uwezo wa kumwita msimamizi huyo, lakini hakimu haoni jalada ambalo halijaletwa mezani kwake. Karani anayeandika juu ya jalada, siku ile ile barua inapotolewa tarehe 10 Juni, kwamba marejesho ni tarehe 10 Oktoba, na kuliingiza kwenye orodha ya mashauri ya siku hiyo, anazilinda familia hizo kuliko hotuba nyingi zinazotolewa juu ya haki za wajane.

Rufaa inapofunguliwa, Mahakama ya Wilaya huitisha jalada halisi, na kuanzia hapo hakuna anayeuliza karani alikusudia kuandika nini. Uamuzi mwingine wa Mahakama ya Rufani, ulioripotiwa 1998, ulisisitiza kwamba kumbukumbu ya mahakama huchukuliwa kuwa inaeleza kwa usahihi kilichotokea na haipaswi kutiliwa shaka kirahisi. Hivyo kosa lililoachwa ndani yake hulindwa na dhana ile ile inayolinda ukweli. Jalada likipotea kabisa, wadaawa huombwa kuleta nakala walizonazo ili kumbukumbu iundwe upya, na asiye na nakala hubaki akitegemea karatasi za mpinzani wake. Ndiyo maana, kabla ya jalada kuondoka, karani huhesabu kurasa na kuandika idadi kwenye daftari la kupelekea nyaraka, na anayepokea hutia saini mbele ya idadi hiyo. Zikitoka kurasa 62 na kusainiwa 61, ukurasa uliopungua hutafutwa siku hiyo hiyo, kabla ya stoo kufungwa.